Nyumba ya Pembeni mwa Mlango wa Buluu

Bi. Filumena Grima,
Mtaa wa Kanisa,
San Rokku, Gozo.
Jumanne ya wiki ya sikukuu.

Kwa Mhariri wa kitabu cha mwongozo wa watalii, kile chenye jalada la njano.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUSAHAULIWA KWANGU KATIKA KITABU CHAKO NA MADHARA YALIYONIPATA

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na wino wako haujakauka. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, shinikizo la damu na kitabu chako. Magoti na shinikizo vina daktari. Kwa hili la tatu nimeona nikuandikie mwenyewe, tena kwa adabu, kwa kuwa nimelelewa.

Mimi ni mjane wa marehemu Indrì Grima, mchonga mawe, na nyumba yangu inapakana na ya Bi. Pawla Vella. Bi. Pawla unamjua. Mlango wake wa buluu umeuweka ukurasa wa arobaini na moja, picha ya rangi, pamoja na roshani yake na chungu cha maua mekundu, na chini yake umeandika kwamba mgeni asiondoke visiwani bila kuuona. Ukiitazama picha hiyo vizuri, upande wa kushoto, karibu kabisa na ukingo, utaona kiwiko cha mtu. Kiwiko hicho ni changu. Nilikuwa nafagia mbele ya nyumba yangu. Nakiri kimetoka vizuri, lakini hukuandika ni cha nani.

Sasa nieleze chanzo cha barua hii. Mwanangu wa pekee, Salvu, ni fundi bomba huko Melbourne, Australia. Aliondoka hapa kijana asiyejua hata kujipigia pasi, na mara ya mwisho kumtia machoni ni siku tulipomzika baba yake. Tangu hapo amekuwa sauti kwenye simu, kila Jumapili baada ya misa. Mwaka huu akasema anakuja likizo na mkewe Lynette na binti yao Mena, ambaye alipewa jina langu lakini likakatwa, kwa sababu Waaustralia huchoka katikati ya jina. Nilifurahi, Ndugu Mhariri. Nilipaka jiko chokaa. Nilifua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Sungura wawili niliwatenga na wenzao nikaanza kuwalisha kama maharusi.

Kisha akaleta ratiba. Ilikuja kwenye simu ya Pawla, maana yangu mimi ni ya kupigia na kupokea tu, na mwishoni ameandika: Mama, tazama kama iko sawa. Pawla akavaa miwani akanisomea, taratibu, kwa furaha ambayo sikuielewa mpaka alipofika siku ya tano.

Siku ya kwanza, mji wa mashujaa wa msalaba, wale watawa wapiganaji wa zamani, na ngome zao. Siku ya pili, makaburi ya chini ya ardhi. Ya tatu, mji wa kale wenye ukuta, na keki. Ya nne, kuogelea. Siku ya tano, Jumamosi, feri ya kuja huku kwetu Gozo, kisiwa kidogo, tiketi za watu wawili: asubuhi hekalu la mawe makubwa, mchana mchuzi wa sungura mkahawani bandarini, alasiri San Rokku, mlango wa buluu, dakika kumi. Kisha feri ya kurudi hotelini, chumba cha watu wawili kinachotazama bahari. Na Jumapili, siku ya mtakatifu wetu, siku ambayo hata wagonjwa hubebwa na viti vyao kwenda uwanjani, imeandikwa: mapumziko kwenye bwawa.

Dakika kumi! Mwanangu atasimama dakika kumi akipiga picha mlango wa Pawla, na nyuma ya ukuta wa kushoto ndipo chumba alichozaliwa. Mimi simo. Nilimwomba Pawla arudie kusoma, akarudia, tena kwa sauti. Na hilo la watu wawili nalo nililisikia: maana yake mjukuu wangu, mwenye jina langu, ameachwa Melbourne kwa majirani kama paka.

Nilipouliza imekuwaje, Pawla akaleta kitabu chako. Anacho, hukiweka sebuleni kando ya picha ya Papa. Tukalinganisha siku kwa siku, mahali kwa mahali, mpaka ile keki. Hapo nikatulia, kwa sababu nilijua mwenye kosa si mwanangu. Salvu ni mtoto mtiifu, huenda anakoambiwa. Ni wewe uliyesahau kumwambia aende kwa mama yake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu umri. Umeandika katika utangulizi kwamba utukufu wa visiwa vyetu ni ukale wake. Nakubali. Ila ukale huo umeupima kwa upendeleo. Hekalu la mawe umelipa kurasa sita, nalo halina paa, halina choo, na hakuna anayejua kwa hakika lilikuwa la kazi gani. Mimi nina paa, nina choo, na kazi yangu inajulikana. Umesimulia pia habari za Sansuna, yule mwanamke jitu wa hadithi zetu, aliyebeba mawe hayo kichwani, mtoto begani, huku anatafuna maharage. Simwonei wivu. Lakini mawe ya chumba cha juu cha nyumba hii niliyabeba mimi, Indrì alipovunjika mguu, na Salvu yuko begani ananivuta nywele, na maharage sikupewa. Sansuna hana hata cheti cha ubatizo. Changu kipo kanisani, Padri Anton anaweza kukutolea nakala.

2. Kuhusu mlango wa Pawla. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, nawe ukaja, ukapiga picha mlango, ukaondoka. Umeuita wa kale. Pawla ni jirani mwema na mimi si msengenyaji, kwa hiyo nitasema kwa kifupi: mlango ule ulikuwa wa kahawia mpaka majuzi, mkwewe alipobakiwa na rangi ya mashua. Chungu cha maua alikitoa ndani siku alipomwona mpiga picha wako anapanda mtaa. Tangu kitabu kitoke Pawla habebeki. Haanzi tena kunisalimu, anangoja nianze. Akienda kununua mkate anajifunga kitambaa cha hariri, labda patokee mtu mwenye kamera. Wiki hii yuko kwa bintiye, kule kisiwa kikubwa, na kabla ya kuondoka aliniomba nimwagilie maua, akaniusia chungu nisikisogeze hata kidogo kwa sababu kimo kitabuni. Nimemwagilia. Sikukisogeza. Mungu peke yake anajua nilivyojizuia.

3. Kuhusu sungura. Mkahawa wa bandarini umeusifu kwamba mchuzi wake wa sungura ni kama wa mama. Mama wa nani? Mama wa mwenye mkahawa tulisoma naye katekisimu, na kuchemsha yai tu kulikuwa kunamshinda. Sasa mwanangu atatoa euro zake kula mfano wa kitu ambacho chenyewe kipo juu ya kilima, bure, na sungura wameshanenepa mpaka hawawezi kugeuka bandani.

4. Kuhusu saa ya kanisa. Hili ndilo lililoniuma, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Kanisa letu, kama makanisa mengi ya huku, lina minara miwili na kila mnara una uso wa saa. Wa kulia ni wa kweli. Wa kushoto umechorwa kwa rangi, mishale yake haijasogea tangu mchoraji ashuke ngazi, na uliwekwa ili Shetani asijue misa ni saa ngapi. Mtoto wa San Rokku hulijua hili kabla hajajua Baba Yetu. Wewe ulitazama wa kushoto. Ukaandika kwamba msafara wa sanamu ya Mtakatifu Roko na mbwa wake huanza saa kumi na dakika ishirini alasiri. Huanza saa moja jioni. Saa kumi na dakika ishirini hapa kwetu, kwa jua la Agosti, hata mbwa wa kweli wamelala. Sina uhakika kama saa ile imewahi kumdanganya Shetani, lakini mhariri imemdanganya.

Hilo ningekusamehe, kwani hukuzaliwa hapa. Lakini Jumapili ile baada ya ratiba kufika, Salvu alipiga simu, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Mama, eti mwaka huu msafara wa mtakatifu ni saa kumi na dakika ishirini? Kitabu ndivyo kinavyosema." Huyu ni Salvu aliyekuwa akivuta kamba za kengele katika mnara ule ule! Moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili. Nikaona basi, mwanangu amekwisha, aliyebaki ni mtalii anayejua jina langu. Nilikata simu. Tangu siku hiyo simu imelia asubuhi na jioni na sijaipokea, kwa kuwa sina la kumwambia mtalii ambalo halimo kitabuni.

5. Kuhusu watalii wako wanaoingia kwangu. Sisi hapa ufunguo wa nyumba hukaa mlangoni, kwa nje. Jirani akitaka chumvi anauzungusha, anaingia, anachukua, anaaga. Mtu wa nyumbani habishi hodi. Anayebisha hodi ni mgeni au polisi. Watu wako hawalijui hilo. Wakimaliza kuupiga picha mlango wa Pawla wanauona ufunguo kwangu, wanadhani ni makumbusho yameachwa wazi kwa ukarimu wa serikali, wanaingia. Mwezi uliopita nilitoka bafuni nikakuta Wajerumani jikoni wanakagua sufuria za marehemu mama yangu. Mmoja akaniangalia kwa muda mrefu, nadhani alikuwa anajiuliza kama mimi ni sanamu. Nikawapikia kahawa. Wakaacha sarafu kwenye bakuli la mayai, wakatoka kinyumenyume kwa heshima, kama watu wanaotoka mbele ya altare.

Na kuna bibi mmoja wa Kifaransa aliyeingia akasimama mbele ya kitanda cha Salvu, kile kidogo cha mbao alichokichonga Indrì, akalia. Sijui aliona nini. Lakini alilia kwa dhati, nikalia naye, na hakuna aliyemwelewa mwenzake hata neno. Kwa hiyo usije ukaniambia sina cha kuonyesha. Wasio wangu wanaingia na kulia. Wangu mwenyewe amepanga dakika kumi, kwa jirani.

6. Kuhusu hatua niliyochukua. Juzi nimeutoa ufunguo mlangoni. Nakuandikia jambo hili kwa utulivu, ila mtaa mzima umelizungumza. Ufunguo ule haukuwahi kutoka pale ila siku moja, siku ya maziko ya Indrì, na aliyeutoa ni Salvu mwenyewe. Akaufunga mlango, tukaongozana nyuma ya jeneza. Sasa uko mfukoni mwa aproni yangu, unanigonga paja kila nikipiga hatua. Padri Anton alipita dirishani kuuliza kama kuna tatizo. Nikamjibu kwamba jengo limefungwa kwa kuwa halimo kitabuni. Akaenda zake, anatikisa kichwa. Lakini wewe sikufichi. Nataka Jumamosi, Salvu akishamaliza dakika zake kumi, akikumbuka kusogea mlango mmoja, abishe hodi. Abishe kama wageni wanavyobisha, nami nitoke nimuulize ametoka nchi gani.

Baada ya malalamiko hayo naleta maombi yangu. Ni madogo, mimi si mtu wa makuu.

Kwanza, nitie kitabuni. Ili nisikupe kazi, maneno nimeshayaandika, wewe ni kunakili tu:

MAMA. San Rokku, nyumba ya pembeni mwa mlango wa buluu. Jengo la mawe na mwanamke, vyote vya kale, vyote bado vinatumika. Hufunguliwa kila siku, hufungwa wakati wa rozari. Kiingilio ni busu, mashavu yote mawili. Wageni wanaombwa wasiseme wameshakula. Picha zinaruhusiwa baada ya mwenyewe kuchana nywele. Muda unaopendekezwa: uliobaki wote.

Pili, kitabu kichapwe upya kabla ya Jumamosi. Najua leo ni Jumanne. Najua pia kwamba leo ndiyo siku wanayotua, kwa hiyo utaona mwenyewe hakuna muda wa kuchezea. Kama kuchapa vyote ni mzigo, chapa kimoja tu, cha Salvu, na umfikishie hotelini.

Tatu, kama nafasi haitoshi, wapunguze mashujaa wa msalaba. Wamekalia karibu robo ya kitabu. Isitoshe waliapa kutooa, hawana watoto, hakuna atakayekuja kulalamika kwa niaba yao.

Nne, hekalu la mawe litangazwe kuwa limefungwa kwa matengenezo siku ya Jumamosi. Mawe hayo yamengoja maelfu ya miaka, hayatashindwa kungoja mpaka Jumatatu. Tangazo hilo hilo libandikwe mkahawani bandarini, ila pale sababu iwe ni afya ya umma.

Tano, feri. Ya kuja iwepo, na iwe ya haraka. Ya kurudi sioni ulazima wake.

Sita, na hili ni kwa faida ya taifa. Naomba toleo lijalo liwe na kanuni kwamba mtu yeyote aliyezaliwa visiwani haruhusiwi kuona ngome, kaburi, hekalu wala mlango wa rangi yoyote mpaka aonyeshe karatasi kutoka kwa mama yake kwamba amefika, ameonekana, na amekula. Asiye na mama apewe karatasi hiyo na jirani. Pawla anaweza kuzitoa, muda anao.

Ukinikatalia haya sitagombana nawe. Nitamwandikia Askofu, na Askofu akishindwa, nitamwandikia mhariri wa kitabu chenye jalada la kijani, ambacho nasikia kinauzwa kuliko chako.

Nisikuchoshe zaidi. Wasalimie wachapaji wako na mchora ramani, ambaye amekiweka kijiji chetu mahali pa mkunjo wa karatasi. Msalimie mpiga picha, umwambie sina kinyongo naye. Msalimie na mama yako kama yu hai. Tena kama yu hai, weka barua hii chini, umpigie simu, kisha urudi uimalizie.

Mimi, katika ukale wangu,
Filumena Grima
(mwenye kiwiko)

Nyongeza, Jumatano:

Ndugu Mhariri, nimeichana bahasha niliyokuwa nimeifunga, kwa hiyo usishangae kuiona ina gundi ya juu juu.

Jana nilikuwa ndiyo kwanza nabandika stempu, nikasikia gari linasimama nje na watu wanashusha mizigo. Nikasema moyoni, hao ni wa Pawla. Kisha nikasikia mkono kwenye mlango wangu, pale pa ufunguo. Haukubisha. Ulipapasa, ukapapasa tena, kama wa mtu anayetafuta swichi ya taa chumbani kwake. Halafu mwanamume mtu mzima akaita "Mama" pale mtaani, kwa sauti ambayo mara ya mwisho niliisikia nyuma ya jeneza la Indrì. Nikajua ni nani, na nikajua anadhani nini. Nilitaka kuinuka nimjibu. Lakini magoti, kama nilivyokueleza, ni ya daktari.

Hakuningoja. Ufunguo wa Pawla ulikuwa mlangoni kwa nje, kama inavyopasa, ingawa mwenyewe hayupo. Salvu akauzungusha, akapita kwenye mlango wako wa buluu bila hata kuutupia jicho, akapanda ngazi, akatokea kwenye roshani ya Pawla na kurukia ya kwangu, kama alivyokuwa akifanya ujanani alipochelewa kurudi na hataki tusikie mlango, isipokuwa siku hizi ana kitambi. Chungu cha maua mekundu kikaenda barabarani. Alinikuta jikoni, nimeketi, barua yako mbele yangu na stempu imenigandia kidoleni. Alikuwa mweupe kama ukuta nilioupaka kwa ajili yake.

"Mama," akasema, "ufunguo uko wapi?"

Nikautoa kwenye aproni nikamwonyesha. Akakaa sakafuni, na viatu vyake vya safari, akalia mpaka Mena akaingia dirishani kuona kuna nini. Ndiyo, Mena amekuja. Hakuachwa kwa majirani. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza Salvu ametoka nchi gani, lakini nikajikuta namuuliza kama amekula.

Sasa sikiliza mambo yalivyo. Ratiba ile si yake. Ni ya wakwe zake, baba na mama wa Lynette, ambao hawajawahi kutoka Australia na wamekuja kuiona Ulaya kabla hawajafa. Chumba cha watu wawili ni chao. Tiketi mbili ni zao. Aliniletea niitazame kama ngazi si nyingi mno kwa wazee. Alikusudia kunieleza yote hayo kwenye simu Jumapili ile, ila kwanza akaona anitanie kidogo, kwa sababu alikuwa ameliona kosa lako la saa akacheka mpaka akamwaga chai, akajua nami nitacheka. Mimi nikakata simu. Akapiga, akapiga. Akapiga mpaka kwa Pawla, na Pawla akiwa kwa bintiye simu huiacha kabatini. Walipotua jana hakupita hotelini. Alikuja moja kwa moja, na wakwe na mabegi, akaukuta mlango hauna ufunguo.

Nikamuuliza, nikiwa bado na hasira kidogo, maana hasira ya wiki nzima haiishi kwa dakika moja: sawa, ni ya wakwe, lakini mimi sikustahili hata mstari mmoja? Akanitazama asielewe ninachouliza.

"Mama, nani anaandika kwao kwenye orodha ya matembezi?"

Nikampa ufunguo akaurudishe mlangoni, kwa nje.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, yote niliyoandika hapo juu, malalamiko na maombi, yafute. Usinitie kitabuni. Nafasi hakuna. Salvu, Lynette na Mena wamelala juu, na wale wakwe nao wamelala hapa hapa, hoteli imelipiwa na haina mtu. Mama yake Lynette, mtu aliyeandikiwa na daktari asipewe nyama yenye mifupa, amekula sungura, akanyonya mifupa, akaomba ya mumewe. Tangu alfajiri amekaa jikoni kwangu, ananionyesha picha za mbwa wake mmoja mmoja, na kwenda kwenye makaburi ya chini ya ardhi hataki kusikia. Anasema hapa ndipo penyewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini jembe ninalo moja na Salvu ameshalichukua, yuko nyuma anapalilia nyanya. Basi hekalu nakuomba liwe wazi Jumamosi. Liwe wazi mapema, na kama kuna njia ya kuliongezea kurasa, liongezee. Feri zote mbili ziwepo. Mashujaa nao waache walivyo.

Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu stempu imeshabandikwa.

Kuna jambo moja tu ambalo sina budi kukuomba ulirekebishe, kwa ajili ya ukweli. Chungu cha maua cha ukurasa wa arobaini na moja hakipo tena. Pawla anarudi kesho, nami kesho nitakuwa kanisani mchana kutwa, nasaidia kupamba. Toleo lijalo itabidi mpige picha upya, na wasomaji watataka kujua kilivunjikaje. Waandikie kwamba kilivunjwa na Salvu, mwana wa Filumena Grima, alipokuwa anarudi kwao. Na kama watauliza kwao ni wapi, ni hapo kushoto, kwenye ufunguo mlangoni.